Kutu

Kijana wa Shemzigwa alikuja Ijumaa baada ya swala,
shati jeupe, mkoba wa ngozi ya kuigiza,
akaketi barazani kwetu, Barabara ya Kumi na Nane,
akamwambia mke wangu:
Mama, mwili unashika kutu.

Nikaweka kikombe chini.
Kutu ni jamaa yangu.
Miaka thelathini na miwili karakana ya reli
nimeikwangua kwa brashi ya waya,
nimeimeza, nimeipenga puani kama ugoro,
nikirudi nyumbani mwekundu hadi kope,
na Mwanakheri akifua ovaroli huku akinitukana
kwamba wenzake wameolewa na watu, yeye na bati.

Endelea, nikasema.

Akatoa kopo, kifuniko rangi ya dhahabu.
Vitamini E. Vitamini C. Seleniamu.
Na ile rangi ya karoti, imekamuliwa, imekaushwa, imekuwa unga.
Damuni, akasema, mna chembe zenye upungufu,
zinapita zikinyang'anya, zikichoma, zikitoboa;
kidonge kimoja asubuhi, zinatulia.
Elfu themanini na tano kwa mwezi.
Kwa mama, kwa heshima yake, themanini.

Namjua Mwanakheri akitamani kitu:
hukunja ncha ya kanga, akaikunjua, akaikunja.

Nikamuuliza yule kijana kifundi tu:
umepata kuona kutu inayotibiwa kwa rangi?
Paka juu yake, ing'ae, wakubwa waje wapige picha.
Mvua mbili za vuli, gamba linabanduka,
kumbe chini ilikuwa mezani inakula.
Na behewa linalooza ni lipi?
Ni lile lililolala yadi.
La kwenda Korogwe na kurudi, magurudumu yake ni sarafu mpya.

Akacheka kwa adabu. Akaaga.
Nikajiona nimeshinda.

Wiki ya tatu Batuli, mkwe wetu, muuguzi pale Bombo,
anatafuta chumvi nyuma ya gunia la mchele,
anatoka na kopo mkononi.
Nani anakula hivi?
Kimya.
Ndipo nikaukumbuka uji wangu wa mtama,
uliogeuka manjano mwezi mzima,
nami nikisifu maboga.

Baba bado anavuta?
Mbili, nikasema. Moja ya uani,
moja ya siri, ambayo nyumba nzima inaijua.

Batuli akakaa juu ya kinu.
Walijaribu, akasema, huko kwenye baridi,
maelfu ya wavuta sigara, miaka kadhaa,
wakapewa hii hii rangi ya karoti
wakitaraji saratani ya mapafu ipungue.
Iliongezeka.
Na hao wanyang'anyi wa damuni, si wote maadui,
mwili nao huwasha moto wake kuua vijidudu.
Aliyepungukiwa ni mwingine: mtoto asiyeona magharibi ikiingia,
matone ya kliniki ni haki yake.
Lakini aliyeshiba mchicha na machungwa ya Muheza
ananunua nini?

Mwanakheri hakujibu.
Ncha ya kanga ilikwisha kuwa kamba.
Kisha, taratibu, kama anayesoma risiti:
Nilisikia kifua chake usiku.
Nikasema, ninunue hata miaka miwili.

Mimi niliyemfundisha kijana wa watu habari ya kutu
sikuwa na neno.
Nilitoka uani. Niliwasha.
Nikaizima kabla ya nusu. Si ushujaa,
moshi tu ulinikwama.

Siku hizi kopo lina sindano na vifungo.
Alfajiri tunatembea hadi stesheni,
yeye mbele, magoti yake yakilalamika,
mimi nyuma na kikohozi changu.
Treni haipiti kila siku.
Jana niliinama nikaigusa reli: nyekundu.
Nikafuta kidole kwenye kanga yake
na akanitukana, tusi lile lile,
neno kwa neno,
mpaka njia ya kurudi nyumbani.